Sufuria niliyopikia kitimoto imepikiwa futari. Nimwambie jirani?

Mpangaji wa Ilala: Wakuu, naombeni ushauri, leo siku ya tatu sijalala vizuri.

Nimepanga Ilala, zile nyumba za korido katikati, vyumba sita, jiko na choo uani. Mimi Mchaga, Mlutheri. Wenzangu karibu wote ni Waislamu. Mama wa chumba cha mbele, Mzaramo, tunaishi naye kama ndugu mwaka wa tatu sasa. Krismasi mume wake ndiye ananichinjia kuku ili uani wote tule. Ramadhani hii kila magharibi mwanangu analetewa sahani ya tambi na magimbi ya nazi.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huwa nakula nje, kwa kuwaheshimu. Ila wiki moja kabla ya mfungo mdogo wangu alikuja nayo kilo nzima, nikaipika usiku chumbani, mlango nimefunga. Jumamosi niko kazini, huyo mama wa mbele akachukua ile sufuria uani, kama tunavyoazimana siku zote, akapikia futari ya wageni, mama mkwe wake akiwemo. Nimerudi nakuta kunde za nazi zinatokota humo. Nikanyamaza. Nimwambie, au niitupe tu?

Kijana wa Tandika: Dada, kaa kimya. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa hapa hapa Dar, hili jambo halichezewi. Itupe, kisha tafuta chumba kwa wenzako.

Ukhti wa Tanga: Usinyamaze, mpenzi. Aliyekula bila kujua hana dhambi. Lakini wewe sasa unajua, na vyombo vyake vingine vimegusana na hiyo sufuria. Sisi Mashafii chombo cha namna hiyo tunakiosha mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa udongo, kinarudi kutumika. Mwambie yeye peke yake, mkwewe asiwepo. Usimwachie aje kuyasikia kwa mtoto.

Mzee wa Upanga: Hilo la kuhama nalikataa kabisa. Waingereza waliugawa mji huu: Uzunguni, Uhindini, na Waafrika huko Kariakoo. Mwaka 1971 serikali ya Nyerere ikataifisha majumba ya kupangisha, na sisi tukapata nyumba Upanga chini ya Msajili wa Majumba. Tulipanda ngazi moja na majirani Wahindi miaka 15. Salamu zilikuwepo, ila hata chumvi hatukuwahi kuombana. Wewe mwenzio anaingia uani anachukua sufuria yako bila kuuliza! Hicho sisi hatukukipata. Nenda ukamwambie ukweli.

Mpangaji wa Ilala: Nimemwambia leo baada ya daku, tukiwa wawili. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza: "Na ile ya ugali je?" Nikamwambia ile haijaguswa. Akaenda mwenyewe kuchota udongo chini ya mwarobaini, tukaosha sufuria, upawa na mabakuli yake, yeye akihesabu. Ile sufuria nimempa iwe yake, mimi nitanunua nyingine. Mume wake kaitikia salamu. Mama mkwe hanisemeshi.