Naomba ushauri: umeme na ukuaji wa uchumi, nani anamvuta mwenzake?

Habari za jioni wakuu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu matumizi ya nishati na ukuaji wa uchumi Tanzania, 1990 hadi 2020, na nimekwama.

Watafiti Kraft na Kraft, mwaka 1978, walikuta kwamba Marekani pato la taifa ndilo lililovuta nishati. Kwangu kipimo cha Granger (kinachoangalia kama takwimu za nyuma za kitu kimoja zinasaidia kutabiri kingine) kinageuka kama kinyonga. Nikiweka mwaka mmoja wa nyuma, pato linavuta umeme; nikiweka mitatu, umeme unavuta pato. Nikijumlisha kuni na mkaa, uhusiano unapotea kabisa. Na kuni na mkaa ndiyo sehemu kubwa ya nishati yetu, ila takwimu zake ni makadirio yanayopanda na idadi ya watu tu (mchoma matofali hana mita!). Nimeshatumia mabadiliko ya mwaka hadi mwaka badala ya viwango vyenyewe, bado.

Kuna pia 2006. Ukame ulipunguza maji ya Mtera, bwawa la kuzalisha umeme, mgawo wa umeme ukawa mkali, lakini uchumi uliendelea kukua huku jenereta zikinguruma madukani. Dizeli hiyo haimo kwenye data yangu ya umeme.

Maswali yangu: nibaki na umeme peke yake, au mtahini atanibana kwa kuacha kuni na mkaa? Na miaka ya ukame niishughulikie vipi bila kuitupa, maana data yenyewe ni chache?

Msimamizi anasema nichague njia moja niitetee. Waliowahi kupita huku, naombeni msaada.