Japani baada ya UVIKO-19: je, jumla ikishuka, msiba umekwisha?

Ndugu zangu, naomba tuipime hoja inayorudiwa mara nyingi, kwamba Japani imekwisha kuvuka athari za UVIKO-19 kwa kuwa waliojitoa uhai nchini humo mwaka 2024 walishuka hadi takriban 20,300, ilhali mwaka 2003 walizidi 34,000. Takwimu hizo ni sahihi. Ninachokipinga ni kuridhika nazo, kwa sababu jumla huwaweka kapu moja watu ambao misiba yao haikufanana.

Mwaka 2020, jumla ilipopanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka 11, wanaume walipungua kidogo. Walioongezeka ni wanawake, kutoka 6,091 hadi 7,026. Wanawake wengi nchini humo walikuwa na ajira zisizo za kudumu katika hoteli, migahawa na maduka, ambako kazi zilikatika mapema, na shule zilipofungwa mwezi Machi malezi ya kutwa nzima yaliwaelemea wao. Wanaume waliongezeka baadaye, mwaka 2022.

Kinachoniuma zaidi ni wanafunzi. Mwaka huohuo wa 2024 unaosifiwa, wanafunzi wa shule za msingi na sekondari waliojitoa uhai walifika 529, idadi iliyokuwa kubwa kuliko zote hadi wakati huo tangu takwimu zao zianze kukusanywa mwaka 1980, na kwa mara ya kwanza wasichana waliwazidi wavulana. Tunawezaje kuuita mwaka huo wa nafuu?

Najua hoja ya upande wa pili: wanaume bado ni takriban theluthi mbili ya wote, hivyo nguvu zielekezwe kwao. Siwezi kuipuuza. Sheria ya kuzuia vifo hivi ya mwaka 2006 ilitungwa wakati wanaume wa makamo, waliolemewa na madeni na kupoteza kazi baada ya msukosuko wa fedha wa miaka ya 1990, walikuwa wakipotea kwa maelfu, na ushauri wa madeni na wa kazi uliwafaa. Lakini msichana wa miaka 15 hana deni la benki wala mwajiri. Anayetaka fungu la wanaume lisiguswe aonyeshe basi fedha za kumweka mshauri shuleni kila siku ya masomo zitatoka wapi, maana mimi sioni namna nyingine ya kumfikia binti huyo kabla hajakata tamaa.