Ubunifu endelevu uanzie wapi: kwenye umbo au kwenye mitambo?

Mdadisi_Ramani aliuliza:

Wanajukwaa, salamu. Nimo katika kamati inayoandaa masharti ya ubunifu wa mtaa mpya utakaokuwa na makazi, ofisi na barabara zake, na karibu kila pendekezo linalofika mezani hutaja mambo yale yale: paneli za jua juu ya paa, kuta za vioo vinavyopunguza joto, vituo vya kuchajia magari ya umeme, na mimea iliyopandwa kwenye kuta. Sipingi hata kimoja kati ya hivyo. Kinachonisumbua ni kwamba vyote huongezwa mwishoni, wakati umbo la jengo, upana wa barabara na umbali kati ya nyumba na kazi vimekwisha kuamuliwa. Je, kuna maamuzi ya mwanzo yenye uzito zaidi ambayo tunayaruka? Naomba mifano ya mahali palipojengwa kweli, si michoro ya mashindano.

Msanifu_Kivuli alijibu:

Ndugu Mdadisi, umegusa penyewe. Maamuzi makubwa hufanyika siku ya kwanza ya kuchora: jengo litazame upande gani, jua liingie saa ngapi, upepo uingie wapi na utokee wapi. Chukua dirisha linalotazama magharibi. Jua la alasiri huwa limeshuka karibu na upeo wa macho, hivyo upenu hata uwe mrefu vipi hauwezi kulizuia, kwa kuwa miale hupita chini yake hadi ndani. Hapo huhitajika vizuizi vya wima, au dirisha dogo, au kuligeuza jengo zima ili upande wake mwembamba ndio uelekee magharibi. Ukikosea hapo, kioo cha kisasa kitapunguza kosa bila kulifuta, na kiyoyozi kitaendelea kulilipia kwa umeme maadamu jengo lipo.

Kuhusu mfano uliojengwa, litazame jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce. Ni jengo kubwa la ofisi na maduka, lakini halina mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Usiku feni huvuta hewa baridi na kuipitisha katika nafasi zilizoachwa wazi ndani ya sakafu, ambamo zege limeumbwa likiwa na meno ili hewa iliguse kwa eneo kubwa zaidi. Zege hilo hupoa usiku kucha. Mchana hewa inayopita humo hupozwa kabla ya kuingia ofisini, na ikishapata joto hupanda na kutokea kwenye mabomba ya matofali juu ya paa. Watu hupenda kusimulia kwamba wazo hilo lilitokana na vichuguu vya mchwa, na ni kweli Pearce alijifunza kutoka kwavyo, lakini naona simulizi hiyo inafunika jambo lenye maana zaidi. Harare iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa vya kutosha. Ukiupeleka mpango huo mahali penye joto na unyevu usiku na mchana, zege halitapata ubaridi wa kuhifadhi. Huko hufaa kuta nyepesi, kivuli kingi, na madirisha yanayoelekeana ili upepo ukatize nyumba.

Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré alifuata mantiki hiyo hiyo katika shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Kuta zake ni za matofali ya udongo, dari ni ya matofali yenye matundu, na paa la bati limeinuliwa juu ya dari hiyo kwa fremu za nondo, hivyo joto la bati huondoka na upepo kabla halijawafikia wanafunzi.

Mhandisi_Mwendo alijibu:

Kwa upande wa magari nakubaliana kwa sehemu tu, kwa sababu huko mtambo wenyewe huleta tofauti kubwa. Injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo takriban robo ya nishati iliyomo kwenye mafuta, na sehemu kubwa ya iliyobaki hupotea kama joto. Gari la umeme hutumia kwa mwendo zaidi ya robo tatu ya umeme uliomo kwenye betri yake. Isitoshe, dereva anapopunguza kasi mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri, jambo lenye faida hasa mjini ambako gari husimama na kuondoka kila mara.

Hata hivyo umbo na uzito bado vina neno. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, yaani ukienda kasi maradufu ukinzani huwa mara nne, na gari la kimo kikubwa lenye uso mpana uliosimama wima huulipia kila kilomita ya barabara kuu. Likishakuwa hivyo, hudai betri kubwa ili lifike mbali. Betri kubwa huongeza uzito na madini yanayochimbwa, na uzito nao husaga matairi. Mbunifu anayeanza na gari dogo, jepesi na linalokata hewa vizuri hufika umbali ule ule kwa betri ndogo. Ningependa masharti ya kila mji yatofautishe magari kwa ukubwa wake, badala ya kuyahesabu yote ya umeme kuwa sawa.

Abiria_wa_Mji alijibu:

Kwa heshima, Mhandisi, gari la umeme lililokwama kwenye foleni huchukua nafasi ile ile kama la petroli, na likiegeshwa huhitaji eneo lile lile la lami. Mtaa wa Mdadisi utaamuliwa na barabara zake kabla ya injini yoyote. Mji wa Curitiba nchini Brazili, chini ya meya Jaime Lerner aliyekuwa mwenyewe msanifu majengo, ulianza kuyapa mabasi njia zake maalumu mwaka 1974. Mwaka 1991 vikaongezwa vituo vyenye umbo la bomba. Abiria hulipa nauli anapoingia kituoni, sakafu ya kituo iko kimo kimoja na sakafu ya basi, na basi likifika milango hufunguka na vibao vya kukanyagia huteremka kuziba pengo. Mzee, mwenye kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto wote huingia basini bila kupanda ngazi, na basi haliwi na sababu ya kusubiri watu wanaotafuta chenji mlangoni. Huo ni ubunifu wa hali ya juu, ingawa hauna teknolojia ngeni ndani yake.

Seoul nayo ilibomoa barabara ya juu iliyokuwa imefunika kijito cha Cheonggyecheon, na mwaka 2005 ikakifungua tena kikiwa na njia za waenda kwa miguu. Kingo zake huwa na ubaridi kuliko barabara za jirani wakati wa kiangazi. Lakini maji yake mengi husukumwa kwa pampu kutoka mto Han, na gharama hiyo yapasa kutajwa kila mradi huo unaposifiwa.

Mdadisi_Ramani aliuliza tena:

Nawashukuru nyote. Kuna jambo moja sikulisema. Kwenye eneo letu yapo majengo ya zamani ya ghorofa yanayokaliwa, na waendelezaji wanataka yabomolewe, yajengwe mapya yenye cheti cha mazingira. Wanadai mapya yatatumia umeme kidogo zaidi. Je, hoja yao ina nguvu?

Msanifu_Kivuli alijibu:

Ina nguvu nusu, kwa kuwa inahesabu umeme wa kesho na kuacha zege la leo. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, na mawe yenyewe yanapovunjika kikemia hutoa kaboni dioksidi, hata kama tanuri lingewashwa kwa nishati safi. Ndiyo maana saruji huchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya kaboni dioksidi yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Waonyesheni waendelezaji hao mradi wa makazi wa Grand Parc ya Bordeaux, Ufaransa. Wasanifu majengo Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na Frédéric Druot na Christophe Hutin, walikabidhiwa majengo matatu ya miaka ya 1960 yenye makazi 530. Hawakuyabomoa. Walisimamisha mbele yake vyumba vya vioo vilivyotengenezwa tayari, vyenye kina cha karibu mita 4, na madirisha madogo ya zamani yakawa milango mikubwa ya vioo. Vyumba hivyo hukinga baridi, huongeza nafasi na mwanga, na wapangaji waliendelea kukaa humo wakati wa ujenzi. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Mies van der Rohe, tuzo ya usanifu majengo ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2019. Katika nchi ya joto sehemu hiyo iliyoongezwa ingekuwa baraza yenye kivuli, si chumba cha vioo, ila njia ya kufikiri haibadiliki.

Kwa hiyo, ndugu Mdadisi, wekeni sharti kwamba anayeomba kubomoa alete kwanza hesabu ya kaboni ya jengo la zamani likikarabatiwa na ya jengo jipya likijengwa, zote mbili kwa muda ule ule wa matumizi, na aeleze waliomo watahamia wapi.