Mrejesho: kutafuna ovyo huku nafanya kazi tatu kwa mpigo

Wapendwa, niliomba ushauri kwa sababu nikiwa kazini mkono mmoja uko kwenye simu, mwingine kwenye kitu cha kutafuna, na jioni sikumbuki nimekula nini. Asanteni sana.

Kilichosaidia zaidi ni kuondoa chakula kwenye meza ya kazi. Nikitaka kula nainuka, napakua kwenye sahani, nakaa, simu inabaki chumba kingine. Mara nyingi nagundua wala sina njaa, nimekwama tu kwenye aya ngumu. Na aliyesema ubongo huchukua kama dakika 20 kupata taarifa ya shibe alinifaa mno: naweka kijiko chini kila baada ya tonge, natafuna taratibu, na naacha chakula bila kujilazimisha.

Kwenye kazi bado pagumu. Ubongo haufanyi mambo mawili mazito pamoja, unaruka kutoka hili kwenda lile, na kila ukirudi unatafuta upya ulipoishia. Nimezima arifa zote isipokuwa simu za nyumbani. Ila mikutano ya mtandaoni inanishinda: nikizima kamera tu, nimeshafungua meseji. Mwenye mbinu ya hapo naomba anisaidie.