Nimeacha, sasa wasiwasi haunipi nafasi: sertralini au amitriptilini? Nina karatasi mbili mkononi

Kijana_wa_Barani
Assalaam alaykum, na habari za jioni nyote. Nimeacha mambo fulani, hii ni wiki ya saba, na tangu niache nina wasiwasi usiokatika. Moyo unakwenda mbio nami nimekaa tu barazani, viganja vinatoka jasho, usiku nalala kwa saa mbili tu kisha naamka kama niliyeitwa jina. Nimeonana na madaktari wawili hapa Malindi. Wa serikali kaniandikia amitriptilini, kidonge kimoja usiku. Wa kliniki ya kibinafsi kaniandikia sertralini ya miligramu 50, na diazepamu, ile ya kutuliza na kulaza, vidonge kumi "vya kuanzia". Pesa niliyo nayo inatosha karatasi moja, na Jumamosi narudi kazini. Mngekuwa nyinyi mngenunua ipi?

Mama_Shela
Mwanangu, "mambo fulani" ndiyo nini? Unga, pombe, miraa? Una umri gani? Una maradhi mengine? Na hao madaktari uliwaambia ulichoacha, au nao uliwapa mafumbo kama sisi?

Jahazi_la_Langoni
Mimi nasema sertralini. Nimeitumia mwaka na nusu. Lakini ujue, wiki mbili za kwanza ilinizidishia: tumbo likachafuka na wasiwasi ukapanda juu ya ule wa zamani, karibu nitupe dawa. Nafuu ilikuja wiki ya tano. Nilishuka mashuani nikatembea kutoka gatini mpaka sokoni, na nilipofika ndipo nikatambua kuwa njia nzima sikuhesabu pumzi zangu. Anayekwambia itakutuliza kesho anakudanganya.

Mkwezi_Gede
Bro, kinachokusumbua ni moyo, basi tuliza moyo. Uliza propranololi. Mimi nilimeza ya miligramu 10 kabla ya kesi ya shamba na nikasimama mbele ya hakimu bila kutetemeka. Haileweshi na haikulazi.

Muyeye_Asili
Amitriptilini msiidharau. Ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na inaleta usingizi. Mtu asiyelala hawezi kupona chochote. Kinywa kitakauka na asubuhi utakuwa mzito, hilo kweli.

Mama_Shela
Na mnamshauri kabla hajajibu! Kijana, jibu kwanza.

Kijana_wa_Barani
Samahani mama. Nina miaka 31. Ni muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, miaka 9. Nilianza na kifuko kimoja jioni baada ya kazi, mwisho nilikuwa natafuna kutoka adhuhuri mpaka usiku wa manane, na njugu na bablish (ubani wa kutafuna). Usiku nikitaka kukata handasi, ule mchangamko wa muguka, nilikuwa nameza bugizi, vile vidonge vya kulaza vya mtaani. Bugizi nayo nimeacha, karibu miezi mitatu sasa. Maradhi ni pumu tu, natumia pampu. Madaktari sikuwaambia. Nilisema ni mawazo ya kazi. Niliogopa kuandikwa teja kwenye kitabu, maana hapa mji ni mdogo.

Mama_Shela
Pumu! Mkwezi, umeona? Propranololi inaweza kuibana njia ya pumzi ya mwenye pumu. Mimi nimekuwa muuguzi miaka 26, sasa nimestaafu, na haya si ya kuyajua baadaye.

Mkwezi_Gede
Nimeona mama. Kijana, usiifuate ile yangu. Nisamehe.

Fundi_Mashua
Nimesoma neno bugizi na neno diazepamu kwenye mazungumzo mamoja, siwezi kunyamaza. Ngoja nikuhadithie yangu, ni ndefu.

Mimi nilikuwa mtu wa gomba, yaani miraa. Nilipoacha nilikuwa kama wewe, moyo mkononi. Jirani akanielekeza duka moja la dawa, sitalitaja, ambapo unasema tu "nataka za kulala" na unapewa bila karatasi wala swali. Diazepamu ya miligramu 5, ndani ya kibahasha cha kaki kisichoandikwa kitu. Usiku wa kwanza nililala mpaka adhana ya alfajiri ikanipita. Nikasema nimepona. Mwezi wa kwanza kimoja. Wa pili viwili, maana kimoja hakikusema kitu tena. Mwezi wa tano nilikuwa natia vinne usiku na kimoja asubuhi kabla sijashika randa, na mke wangu ananisifu kwa kuwa gomba limekwisha nyumbani.

Kisha mwenye mashua akachelewesha malipo, nikakaa bila. Siku mbili, tatu, nne, jasho na kutetemeka. Siku ya sita nilikuwa natia kalafati ubavu wa dau, pamba mkononi, nikaona kidole gumba kinacheza chenyewe. Nikakitazama. Baada ya hapo sikumbuki. Nilizinduka nimelala mchangani, ulimi umekatika upande, kibarua wangu amenishika kichwa analia, na watu wamejaa wanasema pepo. Hospitali wakaniambia ni degedege la kukatisha dawa ghafla. Miezi minne nilipunguziwa kidogo kidogo, robo ya kidonge kwa robo ya kidonge.

Bugizi na diazepamu ni ndugu wa tumbo moja. Wewe umetoka huko juzi. Vidonge kumi kwa mtu mwingine ni vidonge kumi, kwako ni kufungua tena ule mlango.

Jahazi_la_Langoni
Pole sana fundi. Nakubaliana nawe, lakini tusimtishe. Diazepamu ya siku chache, mikononi mwa daktari anayejua historia yako, ni jambo jingine. Shida hapa daktari hajui.

Mzalendo_K
Kwani muguka umekuwa ulevi lini? Ni zao la shamba. Watu Embu wanasomesha watoto kwa majani hayo. Wasiwasi wa kijana unaweza kuwa wa maisha tu.

Muyeye_Asili
Zao la shamba ndiyo, na ndani yake mna kathinoni, inayofanya kazi kama amfetamini ila nguvu yake ni ndogo. Majani yakikauka inapungua, ndiyo maana magari yanakimbizwa hivyo kutoka Embu yafike yangali mabichi. Kitu kisichoshika mtu hakikimbizwi barabarani.

Mzalendo_K
Basi kwa nini marufuku ya 2024 ya Mombasa na Kilifi ilisimamishwa na mahakama? Na Rais mwenyewe alisema haina nguvu kisheria.

Muyeye_Asili
Mahakama iliulizwa nani ana mamlaka. Haikuulizwa kama mwanangu analala usiku.

Mzalendo_K
Mimi pia nina watoto. Nasema tu mkulima asifanywe muuaji.

Mwana_wa_Maweni
Turudini kwa kijana. Mbona asiende kliniki ya methadoni hapo hospitalini Malindi? Binamu yangu imemrudisha kwenye uhai.

Mama_Shela
Alhamdulillah kwa binamu yako. Lakini methadoni ni ya walioshikwa na heroini. Kwa muguka haina kazi, kijana asimezeshwe dawa ya mwingine. Anachoweza ni kupiga 1192 ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hailipishwi, aulize mshauri wa karibu.

Kijana, nisikilize. Wiki ya saba bado ni mapema. Mwili uliochochewa miaka 9 hukaa majuma mengi kabla haujatulia, kwa hiyo sehemu ya wasiwasi huu huenda ni kuacha kwenyewe. Huenda pia ni wasiwasi uliokuwepo tangu awali na muguka ulikuwa unaufunika. Daktari hawezi kutenganisha hayo mawili ikiwa umemficha muguka. Aangalie presha na tezi ya shingo pia, maana tezi ikizidi huleta moyo mbio uleule. Ukipewa sertralini, uliza kama unaweza kuanza na nusu kidonge, na usije ukaacha kwa siku moja. Amitriptilini ni nzito kwa moyo ikizidishwa, kwa hiyo mkeo akuwekee. Na usichanganye karatasi hizo mbili kwa akili yako.

Kijana_wa_Barani
Mama, na akiniandika teja?

Mama_Shela
Mimi nimeandika faili nyingi, baba. Faili ya mtu aliyesema kweli tulikuwa tunaijua kwa sababu haikuwa na mistari iliyofutwa.

Shekhe_Mpole
Juu ya dawa, usiache dua na adhkari za asubuhi na jioni. Nami si miongoni mwa wanaosema dua badala ya hospitali. Shika zote mbili.

Kijana_wa_Barani
Nimerudi kuwaeleza. Leo asubuhi nilikwenda kwa yule wa serikali na karatasi zote mbili. Nikasema muguka, nikasema bugizi, nikasema pampu. Kalamu yake ilisimama kidogo, kisha akauliza, "Bugizi mara ya mwisho lini?" Basi. Hakubadilisha uso. Diazepamu ameikata kwa mstari mmoja. Presha imepimwa, damu imetolewa, majibu Alhamisi, nije na mke wangu. Ipi kati ya hizo mbili, amesema tungoje majibu. Kazini nimeomba juma moja zaidi. Kwa hiyo sijanunua kitu bado, na usiku huu najua sitalala.

Fundi_Mashua
Niko macho mpaka saa nane nasubiri maji yajae. Ukiamka niandikie hapa.

Mpeketoni_Binti
Samahani kuingilia, nami niko kwenye sertralini. Ramadhani ikifika, mnameza baada ya futari au wakati wa daku? Mimi ikinipata tumbo tupu nasikia kichefuchefu.

Jahazi_la_Langoni
Mimi humeza baada ya futari, nikishakula wali. Wakati wa daku ilininyima usingizi wa baada ya alfajiri. Lakini muulize daktari wako, dada, kila tumbo na lake.

Kijana_wa_Barani
Fundi, saa saba na robo. Nimeamka.

Fundi_Mashua
Nipo. Maji yamefika magotini. Niambie.