Naomba ushauri: mgahawa mmoja Tabata, nataka tawi la pili na hatimaye matano

Sahani120 (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Mgahawa uko Tabata, Dar es Salaam. Kwa wastani zinatoka sahani 120 kwa siku, 5,000 kila moja, siku 26 kwa mwezi. Wafanyakazi ni 7. Mimi na mke wangu tunashika kaunta na manunuzi, hatujilipi mshahara. Menyu ina vyakula 24. Gharama zote zikitoka inabaki kama milioni 3 kwa mwezi, na akiba ni milioni 45. Nimeona fremu mbili, moja Kinyerezi na nyingine Dodoma. Nianzie wapi, na ni kitu gani huwa kinaangusha watu hapa?

Daftari
Mkuu, tuache fremu kwanza, tuiangalie hiyo milioni 3. Siku utakayokwenda kusimamia tawi la pili, Tabata itahitaji watu wawili wa kulipwa. Weka msimamizi 700,000 na wa kaunta 300,000. Imebaki milioni 2.

Sasa VAT. Unauza 15,600,000 kwa mwezi, yaani 187,200,000 kwa mwaka. Tanzania Bara mauzo ya milioni 200 kwa mwaka yanakulazimu kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo wewe umebakiza kidogo tu. Tawi la pili likiwa chini ya TIN ileile (namba ya mlipakodi), mauzo yanajumlishwa, na ukishasajiliwa unatoza matawi yote, la zamani pia. Sahani ya 5,000 ambayo bei yake haijaguswa ina VAT ya kama 763 ndani yake. Kwa Tabata peke yake hiyo ni karibu milioni 2.38 kwa mwezi. Ile milioni 2 imekwisha, na tawi jipya halijauza hata sahani moja.

Usitegemee sana kupunguza deni hilo kwa kukata VAT uliyolipa kwenye manunuzi. Mboga, nyama mbichi na mazao mengi ya sokoni hayana VAT, kwa hiyo utakata ya umeme, soda na vifungashio, basi. Na wafanyakazi wakifika 10 unaingia kwenye SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara yote. Mtu akiona Tabata inashuka anadhani wateja wamehama, kumbe wateja ni walewale.

Sahani120
Dah, hilo la VAT sikulipigia hesabu kabisa. Nikipandisha sahani iwe 5,500?

Daftari
Wateja wasipopungua, mauzo ni 17,160,000, VAT 2,617,000, unabaki na 14,543,000. Bado uko chini ya leo kwa milioni 1.06. Bei peke yake haitoshi, nusu nyingine itafute jikoni.

Upawa
Na jikoni ipo. Chukua mizani ya kidijitali, simama pale wanapopakulia saa 7 mchana foleni ikiwa ndefu, pima sahani 20 za wali bila kumwambia mpakuaji. Mara nyingi unakuta ya kwanza gramu 350, ya rafiki yake 460. Wastani ukizidi kipimo kwa gramu 70 tu, sahani 120 ni kilo 8.4 za wali kwa siku. Kilo moja ya mchele inatoa kama kilo 2.5 za wali, kwa hiyo ni kilo 87 za mchele kwa mwezi. Kwa bei ya 2,800 ni karibu 245,000, na bado hujagusa nyama. Dawa yake ni bakuli moja la plastiki linalobeba gramu 350 likisawazishwa mdomoni. Upawa uende kwenye mchuzi, wali upakuliwe kwa bakuli.

Vyakula 24 ni vingi mno. Andika siku 30 kila chakula kimetoka sahani ngapi, na kilichomwagwa usiku ukipime kwa kilo. Baki na 9 au 10. Ndugu wa McDonald kule San Bernardino, Marekani, walipofungua upya mgahawa wao mwaka 1948 walikata menyu yao ikabaki vyakula na vinywaji 9. Hiyo ilikuwa miaka saba kabla Ray Kroc, aliyekuja kuisambaza McDonald's, hajafungua mgahawa wake Des Plaines.

Jiko la Pili
Naongezea upande wa mapishi, kwa sababu tawi la pili hufa kwa ladha. Mpishi wako anapika kwa mkono na jicho, akigawanywa mara mbili unapata pilau mbili tofauti. Funga viungo vikavu kwa sufuria, sehemu moja, kwa mizani. Kwa mchele kilo 5, kipimo cha kuanzia: bizari nzima gramu 40, mdalasini 15, pilipili manga 15, iliki 10, karafuu 5. Pakiti moja, sufuria moja, mpishi haongezi.

Kosa kubwa ni kuruka kutoka kilo 5 hadi 20 kwa kuzidisha kila kitu mara nne, maji pamoja. Mvuke unatoka kwa upana wa sufuria, hauongezeki mara nne, ndiyo maana chini kunakuwa bokoboko. Pika sufuria mbili za kilo 10, maji uyapunguze na uyapime upya.

Wali upikwe kwenye tawi lenyewe. Mchuzi unaweza kusafiri, ila usiuache upoe ndani ya sufuria ya lita 20, katikati unabaki vuguvugu usiku kucha na asubuhi umechacha. Mimina kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5. Utoke nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Kwenye tawi uchemke tena.

Daftari
Kwa hiyo Dodoma iache. Ni kama kilomita 450, pakiti na mchuzi haviwezi kufuata bodaboda. Kinyerezi inafikika, ila hesabu watu wanaopita saa 6:30 hadi 8:30 mchana, Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Kagua tangi la maji, na kama kuna kishimo cha kukamata mafuta kabla maji machafu hayajaingia bombani. Bila hicho bomba linaziba mapema na mwenye nyumba atakulaumu wewe. Kodi ya fremu omba kulipa miezi 6. Tumia isiyozidi milioni 30, 15 zibaki benki.

Kabla ya kusaini, mkae nje wewe na mkeo wiki 4, msimamizi aendeshe. Gharama ya chakula ikizidi asilimia 35 ya mauzo, subiri.

Sahani120
Ahsanteni sana wakuu. Swali la mwisho: jina limesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, linatosha?

Upawa
Ukimaanisha jina la biashara, hapana. Hilo halimzuii mwingine kutumia nembo inayofanana na yako. Sajili alama ya huduma, daraja la 43 (la huduma za chakula), hapohapo BRELA. Inadumu miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10. Zanzibar ina usajili wake, utaulipia peke yake ukifika huko.