Mafundi wa matairi, nani aliwaambia kwamba nati tatu zinatosha?

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Ninaandika nikiwa na hasira ambayo siku nne hazijaipunguza. Jumamosi iliyopita, katika Barabara ya Morogoro, nikiwa nimeshaipita Mlandizi na watoto wangu wawili wamelala kiti cha nyuma, gurudumu la mbele la kushoto la Toyota IST yangu lilikuwa limebaki na nati mbili, na hizo mbili zenyewe zilikuwa zinazungushika kwa vidole. Gurudumu la IST yangu lina stadi nne, si tano; stadi ni zile bolti zilizochomoza ambazo nati za gurudumu hufungwa juu yake.

Chanzo chake ni Alhamisi ya wiki ileile, nilipobadilisha matairi mawili ya mbele katika duka la matairi hapa Dar es Salaam ambalo sitalitaja jina. Kijana aliyenihudumia alizifungua nati zote nane kwa mashine ya upepo na kuzitupa ndani ya kopo la rangi lililokuwa tayari na nati za magari mengine. Niliona, na kosa langu ni kwamba sikusema neno, kwa sababu nilidhani mtu anayeshika nati kutwa nzima anazijua kama mimi ninavyowajua wanangu.

Nati za IST, kama za Toyota nyingi ndogo, ni za milimita 12 na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Nati za Nissan nyingi ni za milimita 12 vilevile, lakini meno yake yamekaribiana zaidi, milimita 1.25. Ukiziweka mbili kiganjani macho hayatakusaidia; vidole ndivyo vinavyojua, kwa kuwa nati isiyo yake huingia mzunguko mmoja au miwili kisha hugoma. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi huianza kila nati kwa mkono kabla hajagusa spana yoyote. Mashine ya upepo haina habari ya kugoma. Inasukuma tu, inayala meno ya stadi na ya nati kwa pamoja, na mwishowe nati inasimama mahali pake ikionekana imekaza vizuri kabisa.

Niliisikia sauti ya mashine ikibadilika, nikauliza kuna nini. Kijana akanijibu, “Mama, hiyo ni kutu tu, usiwe na wasiwasi.” Muda mfupi baadaye kitu kikalia pa! Akaja mkubwa wao, akainama akatazama, kisha akaniambia kwa upole mwingi kwamba kazi itachukua dakika chache zaidi, hivyo niende nikanywe chai. Nikaenda. Niliporudi gari lilikuwa chini, wilikapu zote, yaani vifuniko vya magurudumu, zimerudishwa na hata kufutwa vumbi. Nililipa fedha yote bila kupewa risiti, nikashukuru, nikaondoka.

Siku ya safari usukani ulianza kutetemeka tangu Kibaha, nikadhani balansi haikufanyika sawasawa. Baada ya Mlandizi ukaanza mlio wa kitu kinachogonga kwa mpangilio, polepole nikipunguza mwendo na haraka nikiongeza. Nikasimama pembeni, nikaitoa wilikapu, nikayaona niliyoyaona. Kijana wa bodaboda alinifuatia fundi mtu mzima, naye baada ya kuitoa rimu alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, “Mama, nani alikufanyia hivi?” Stadi moja ilikuwa imekatika siku ileile ya Alhamisi, na badala ya kuitoa na kuweka nyingine, wale mabwana walikuwa wamechomelea kipande cha bolti ya kawaida juu ya kisiki chake. Kipande hicho kilikuwa kimeanguka njiani. Stadi ya pili ilikuwa imevishwa nati ya gari jingine, meno yamesagika, na nati nayo imeshakwenda zake.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na naomba nieleweke. Stadi kukatika si dhambi, kwa kuwa chuma huchoka, kutu hula, na mtu yeyote anaweza kukosea. Lakini stadi si bolti ya kitanda. Chuma chake kimepashwa moto na kupozwa kiwandani kwa vipimo ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika, na moto wa kuchomelea unaifuta kazi hiyo yote kwa sekunde chache. Moto huohuo unapita kwenye habu, yaani kitovu kinachozunguka na kulibeba gurudumu, hadi kwenye beringi, unaiyeyusha grisi na kuiunguza sili, kwa hiyo mtu aliyekuja na tatizo la stadi anaondoka na matatizo mawili asiyoyajua.

Na dawa yake halali ni ndogo mno kulinganisha na uovu uliofanyika. Yule fundi wa Mlandizi aliishusha kalipa ya breki, kile kibanio kinachoibana diski, na kuifunga kwa waya ili isining'inie kwa mpira wake, akaitoa diski, akaizungusha habu hadi mahali penye nafasi nyuma yake, kisha akaisukuma stadi mbovu kwa zana ya kubana, kwa maelezo kwamba nyundo ingeiumiza beringi. Stadi mpya aliipenyeza kutoka nyuma, akalinganisha mikwaruzo ya shingo yake na ile iliyomo ndani ya tundu, akaweka washa kadhaa na nati, akaivuta taratibu kwa spana ya mkono mpaka kichwa kikalala bapa nyuma ya habu. Alibadilisha zote nne, kwa sababu zile mbili zilizobaki zilikuwa zimebeba mzigo wa wenzake na huenda zimeshapata nyufa zisizoonekana. Stadi nne na nati zake, zilizofuatwa Kibaha kwa pikipiki, hazikufikia hata nusu ya fedha niliyotozwa kwa ule uharibifu.

Jumatatu nilirudi dukani. Mwenye duka aliniambia kwamba nilikabidhiwa gari zima, kwamba barabara zetu ni mbovu, na kwamba hata hivyo “nati tatu zinatosha, mama, watu wanatembelea mpaka Mbeya.” Nimelirudia jibu hili kichwani hadi usingizi umenikimbia. Gari halining'inii kwenye stadi kama koti kwenye msumari. Kazi ya nati ni kuibana rimu kwenye habu kwa nguvu kiasi kwamba msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari. Mbano ukilegea, rimu huanza kucheza, stadi hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, na hapo hukatika moja baada ya nyingine. Tatu zinatosha mpaka zinapokuwa mbili.

Nilipomuuliza walikaza kwa kipimo gani, alicheka. Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 103, yaani karibu sawa na kuning'iniza kilo 21 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita. Kijana wa kilo 70 anayesimama juu ya spana hiyo na kuirukia, kama tunavyowaona kila siku, anakaza zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho, na stadi inavutika kama ulimbo. Toki renchi ya kupimia ukazaji haimo dukani kwake. Wala hakuwa amesikia kwamba nati hufungwa kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kuzunguka duara, au kwamba mteja anapaswa kuambiwa arudi kukagua ukazaji baada ya kilomita 80 hadi 100.

Sitaki kurudishiwa fedha ya matairi, kwani matairi ni mazima. Ninachodai ni gharama ya stadi, ya fundi na ya bodaboda, pamoja na kukiri kwamba aliyenituma kunywa chai alijua anachokificha. Mwenye duka amesema atalifikiria ikiwa nitamletea kile kipande cha bolti kama ushahidi, ilhali anajua vizuri kwamba kipo mahali fulani kwenye majani kati ya Kibaha na Mlandizi. Ninacho kisiki chenye alama ya moto na nati moja ya Nissan iliyookotwa ndani ya wilikapu. Kesho asubuhi ninampelekea vyote viwili, na nitakuja hapa kuandika atakachosema.